Shida Haikuzaa Majemadari: Udachi na Japani baina ya Vita Viwili, Zikitazamwa kutoka Msuka

Wako walimu wa historia, na wanafunzi wao ni wengi kuliko wao, wanaoshika kwamba Ujerumani na Japani ziliingia katika Vita Kuu ya Pili kwa mlango mmoja, na kwamba jina la mlango huo ni shida. Husemwa kuwa nchi mbili hizo zilikuwa na watu wengi na ardhi haba. Kuwa zilichelewa kufika katika karamu ya makoloni. Kuwa mporomoko wa biashara ulioanzia New York Oktoba 1929 uliwatupa watu wake katika njaa. Na kuwa mwenye njaa humpa upanga yeyote anayeahidi kumshibisha. Hoja hii ni nyepesi kubeba, ndiyo maana imefika mbali. Imefika hata katika mabaraza yetu, ambako nimeisikia ikitolewa ili kuthibitisha jambo jingine kabisa: kwamba maskini hafai kupewa hiari ya kuchagua serikali yake mpaka kwanza ashibe. Maadamu hoja ya kitabuni imekwisha kuwa silaha ya barazani, nimeona si haki kunyamaza. Naikana, na sehemu ya ushahidi wangu nautoa hapa Msuka, kaskazini ya Pemba.

Msomaji asitabasamu. Kijiji hiki hakikupata kuwa nje ya dunia. Katika mihrabu ya msikiti wa kale wa Msuka Mjini ilichorwa tarehe ya mwaka 816 wa Hijra, ndio 1413 au 1414 ya Miladi, wakati ambao Edo, iliyokuja kuitwa Tokyo, ilikuwa bado haijajengewa ngome. Mnara wa taa wa Ras Kigomasha ulisimamishwa 1900 kwa ajili ya meli za watu wa mbali. Na kama Msuka haikupata kuwa ya Wadachi, kama wazee walivyowaita Wajerumani, ni kwa sababu ya mapatano yaliyotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890, ambayo kwayo Unguja na Pemba ziliachiwa himaya ya Kiingereza, na Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland pamoja na njia ya kuununua mwambao wa Sultani upande wa bara. Kwa hiyo mtu aliyekaa hapa baina ya 1919 na 1939 alikuwa na Tanganyika, koloni lililopokonywa Ujerumani, ng'ambo ya mkondo wa Pemba, na nguo ya Japani juu ya mwili wake. Vitu viwili hivi vyatosha kuanzia.

Nianze na Tanganyika. Kilio kikuu cha Ujerumani baada ya mkataba wa Versailles wa 1919 kilikuwa kwamba taifa la watu zaidi ya milioni 60 haliwezi kuishi bila ardhi ya kuhamia na malighafi ya viwanda vyake. Kilio hiki kilipokewa kwa huruma na watu wengi wa Ulaya, na vitabu vingi vimekinakili kana kwamba ni hesabu. Basi na tuihesabu hesabu yenyewe. Katika 1913, baada ya utawala wa karibu miaka 30, Wazungu wote waliokuwa katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, wamisionari na maofisa pamoja, walikuwa kiasi cha 5,300 tu. Biashara ya Ujerumani na makoloni yake yote haikufika sehemu moja katika mia ya biashara yake ya nje. Hiyo ndiyo ardhi ya kuhamia, na hiyo ndiyo malighafi, ambayo inasemekana kuikosa kulilitia wazimu taifa zima.

Tena haikukosekana. Katika 1925 Waingereza waliondoa marufuku ya vita, Wajerumani wakarudi Tanganyika, wakapata mashamba Usambara, Kilimanjaro na katika nyanda za juu za kusini. Mwaka uliofuata Ujerumani iliingia katika Shirikisho la Mataifa la Geneva, na kwa sheria za udhamini raia wa kila mwanachama walikuwa na haki sawa ya biashara katika nchi hii. Mdachi aliyetaka mkonge wa Tanga aliupata kwa bei aliyoinunulia Mwingereza. Alichokosa ni bendera juu ya boma. Na Machi 1938, Balozi wa Uingereza alipomwendea Hitler na shauri la kuipa Ujerumani sehemu katika utawala wa Afrika ya kati, Hitler hakuonyesha haraka. Jambo la makoloni, kwa maneno yake, lingeweza kungoja miaka. Mwenye njaa akiletewa sinia, hasemi kwamba atakula baada ya miaka. (Kwamba sinia lenyewe lilikuwa nchi za watu wengine, ambao hawakuulizwa na mleta wala mletewa, ni jambo ambalo vitabu vya mabalozi hulipita kwa haraka ya ajabu.)

Ushahidi wa Japani ni mzuri zaidi, kwa kuwa ulivaliwa. Kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianza safari za kawaida za Afrika ya Mashariki katika 1926. Tarehe 13 Disemba 1931 Japani iliiacha dhahabu kuwa msingi wa sarafu yake, na kabla ya 1932 kwisha yeni ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa dola. Bidhaa za Japani zikawa rahisi katika kila bandari. Katika 1933 Japani iliipita Uingereza, mama wa viwanda vya pamba, kwa wingi wa nguo za pamba zilizouzwa nje. Merikani, ambayo jina lake bado linashuhudia nchi ilikotoka kwanza, sasa ilifumwa Japani. Na kanga pia zikaja kuchapishwa huko. Mei 1934 Waingereza walipoweka kikomo cha nguo za Kijapani katika makoloni yao, hawakuweza kukiweka Kenya, Uganda wala Tanganyika, kwa sababu mikataba ya Bonde la Kongo, ile ya Berlin ya 1885 na ile ya Saint-Germain ya 1919, iliwaamuru waache mlango wazi, na Japani ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi mkataba wa pili.

Tafadhali, msomaji, litafakari jambo hili. Nguo ya Osaka ilifika mwambao huu bila ya askari hata mmoja wa Kijapani. Ilifika kwa meli ya biashara, ikapokewa na mwenye duka, ikalipiwa kwa fedha ya karafuu. Ilifika katika miaka ile ile ambayo majemadari wa Japani waliwaambia watu wao kwamba dunia imefunga milango na kwamba pasipo upanga Japani itakufa kwa kukosa soko. Ni kweli kwamba India na nchi nyinginezo zilipandisha ushuru, nami siwezi kulificha hilo. Lakini nchi ambayo imetoka tu kumshinda mfumaji mkuu wa dunia katika masoko ya dunia si nchi iliyokosa soko.

Wanaoshikilia hoja ya shida watanijibu kwamba Mjapani wa mjini alikuwa na soko, ila wa shamba alikufa njaa. Hapo wana haki, na hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu mkulima yule namjua, ingawa sikupata kumwona. Alifuga nondo wa hariri. Hariri yake ilikwenda Marekani, kwa wanawake walioweza kuiacha siku wakipungukiwa fedha, na baada ya 1929 wakaiacha. Serikali yake, kwa ushauri wa Waziri wa Fedha Inoue Junnosuke, ilichagua Januari 1930, wakati ulio mbaya kuliko nyakati zote, kuirudisha yeni katika dhahabu kwa thamani ya zamani, na bei zikazidi kuanguka. Katika majimbo ya Tohoku mavuno yaliharibika 1931 na tena 1934. Wakulima walikopa kwa mwenye ardhi, na binti zao wakauzwa kwa mikataba, wengine katika nyumba za umalaya. Binti wa vijiji vya namna hiyo ndio waliojaza viwanda vya pamba. Basi yamkini ile merikani iliyouzwa Pemba ilifumwa na mkono wa mtoto wa mfuga nondo.

Sasa mtazame mvaaji wake. Naye aliishi kwa zao moja, nalo si chakula, lililouzwa mbali kwa watu wasiomjua: karafuu zetu zilikwenda India, na Java ambako huchanganywa na tumbaku ya sigara. Naye bei ilimwangukia. Mashamba yalikuwa yamekwisha kuwekwa rehani, mengine kwa bei khiyari, na deni la dukani likala mavuno kabla hayajaanikwa juu ya jamvi. Katika 1934 Serikali ya Unguja ilipitisha sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasipite katika mikono ya wadai, na ikakipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoanzishwa 1927. Katika 1937 chama kilipewa mamlaka ya pekee ya kununua karafuu za kupelekwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, India ikasusia, na bidhaa ikalala maghalani hata yalipopatikana maafikiano ya Mei 1938. Ukiondoa majina, mkulima wa Tohoku na mkulima wa Pemba walilala na deni moja. Kama shida ndiyo mama wa majemadari, mbona haikuzaa Pemba?

Jibu lao nalijua: Pemba ilitawaliwa na mgeni, haikuwa na jeshi, wala haikuwa na la kuamua. Hilo ndilo jibu langu, nami nawashukuru kwa kulisema kwa niaba yangu. Maana likiisha kusemwa, shida imekwisha kutoka katika kiti cha sababu, na aliyeketi hapo badala yake ni yule mwenye jeshi na mwenye la kuamua. Katika Februari 1936 dunia ilitupa mfano ambao hakuna mwalimu angeweza kuubuni. Tarehe 7 ya mwezi huo ghasia zilizuka mjini Unguja juu ya ukaguzi wa mbata. Watu wenye hasira ya bei na masharti walitoa silaha, wakaua na wakauawa, na amri ya serikali ikabaki ilipokuwa. Siku 19 baadaye, mjini Tokyo, maofisa vijana waliosema kwamba wanalia kwa ajili ya vijiji vyenye njaa waliongoza askari zaidi ya 1,400, wakaushika moyo wa mji, wakamwua kitandani mwake Waziri wa Fedha, Takahashi Korekiyo. Huyu Takahashi ndiye aliyeiondoa yeni katika dhahabu. Ndiye aliyeivusha Japani katika mporomoko mapema kuliko karibu mataifa yote makubwa. Kosa lake lilikuwa kwamba, nchi ilipopona, alitaka kupunguza matumizi ya jeshi. Waliomwua hawakuua njaa. Walimwua aliyeipunguza.

Maasi yenyewe yalizimwa, na viongozi wake wakapigwa risasi, ila jeshi ndilo lililovuna. Katika Mei ya mwaka huo huo ilirudishwa kanuni kwamba Waziri wa Jeshi na Waziri wa Manowari lazima wawe maofisa walio kazini. Maana yake ni kwamba jeshi likikataa kutoa waziri, hakuna serikali. Januari 1937 Jemadari Ugaki aliamriwa na Mfalme aunde serikali. Jeshi, lililokuwa halimtaki, halikumpa waziri, naye akarudisha amri bila ya kuitekeleza. Na wapiga kura je? Katika uchaguzi wa Februari 1936, na tena katika ule wa Aprili 1937, Wajapani waliwapa vyama vya siasa viti vilivyo vingi, na chama cha wafanyakazi na wakulima kikaongezeka. Maskini wa Japani, aliyepata kura 1925, hakuwachagua majemadari hata mara moja. Wao walikuwa wamekwisha kuichukua Manchuria tangu Septemba 1931 bila ya kumwuliza yeye wala Waziri Mkuu wake, kwa kuwa katiba ya 1889 iliwafanya watu wa Mfalme, si watu wa Bunge.

Katika Ujerumani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, ndiyo maana nasema kwamba mlango haukuwa mmoja. Huko jeshi halikumwua waziri wala halikuvamia nchi bila ya amri. Huko kulikuwa na chama na kura. Sikatai kwamba shida ilikikuza chama hicho: katika 1928 Wanazi walipata kura 2.6 katika kila mia, na Julai 1932, wakati watu wasio na kazi walipokuwa wamefika milioni 6 mapema mwaka huo, walipata 37.3. Asiyeliona hili ni kipofu. Ila yako mambo mawili ambayo walimu wa shida huyapita. Katika Novemba 1923, dola moja ilipouzwa kwa marki 4,200,000,000,000, na akiba ya maisha ya mtu haikununua mkate, Hitler alijaribu kuitwaa serikali ya Munich, akashindwa katika siku moja, na Jamhuri ikasimama. Tena, katika uchaguzi wa Novemba 1932 Wanazi walirudi nyuma: kutoka viti 230 hadi 196. Chama kilikuwa na madeni, na watu wake walikuwa wakigombana. Ni wakati huo, si wakati wa kilele cha kura zake, ambapo Papen na wenziwe, watu wa vyeo walioichukia Jamhuri, walimshawishi Rais Hindenburg ampe Hitler uongozi wa serikali tarehe 30 Januari 1933, wakidhani watamtumia. Theluthi mbili za wapiga kura wa Novemba zilikuwa hazikumpa kura. Walioshiba ndio waliomfungulia.

Nami sioni kwa nini hili lisemwe kwa upole. Katika miaka hiyo hiyo robo ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa hawana kazi, nao wakamchagua Roosevelt, wakaendelea kuchagua kila baada ya miaka minne. Anayesema kwamba njaa ya Berlin ilimlazimisha Mjerumani, na aeleze kwanza kwa nini njaa ya Chicago haikumlazimisha Mmarekani. Akikosa maelezo, atakimbilia tabia ya mataifa, kwamba Wadachi na Wajapani huzaliwa wakipenda amri. Huyo nitamwacha na dhana zake, kwa kuwa maneno kama hayo yalipata kusemwa juu yetu pia.

Na hapa narudi katika baraza nilikoanzia. Baraza la Kutunga Sheria la Unguja, lililoanzishwa 1926, ndilo lililopitisha sheria za karafuu nilizozitaja. Halikuwa na Mwafrika hata mmoja hadi 1946. Uchaguzi wa kwanza ulipofika, Julai 1957, mpiga kura alitakiwa awe mwanamume, tena atimize masharti ya umri, na ya elimu au mali. Hoja ya masharti hayo ilikuwa ile ile: mwenye dhiki hudanganyika. Mchumaji wa karafuu aliyevuka mporomoko wa 1930 na kususiwa kwa 1937 bila ya kumwua waziri wa mtu aliambiwa, miaka 20 baadaye, kwamba hatari kwa nchi ni yeye. Na mfano uliokuwa tayari mdomoni mwa kila aliyeulizwa ulikuwa ni Ujerumani. Ndiyo sababu siwezi kuuona mjadala huu kuwa wa mitihani tu. Mwanafunzi anayeandika leo kwamba umaskini ulimleta Hitler anaandika, bila ya kujua, sharti la mali la 1957.

Limebaki jambo la malighafi. Husemwa kwamba hata kama Ujerumani haikuhitaji Tanganyika, Japani kwa kweli ilikosa mafuta na chuma, na kwamba hilo si la kubuni. Si la kubuni. Lakini tuangalie lilivyozidi. Vita vya China vilivyoanza Julai 1937 havikuipatia Japani mafuta. Viliyala. Kadiri jeshi lilivyokwenda ndani ya China ndivyo Japani ilivyozidi kutegemea mafuta ya Marekani, ambako yalitoka mengi ya mafuta yake. Manchuria nayo, iliyoitwa ardhi ya uhai, ilipangiwa katika 1936 jamaa 1,000,000 za wakulima kwa miaka 20. Hadi vita kwisha 1945 waliokwenda hawakufika sehemu moja katika kumi ya hesabu hiyo. Ujerumani vile vile: Agosti 1936 Hitler aliandika kwamba jeshi na uchumi lazima viwe tayari kwa vita katika miaka minne, na tangu hapo silaha zikala fedha za kigeni ambazo zingenunua siagi na pamba. Katika 1939 Ujerumani haikuwa na watu milioni 6 wasio na kazi. Ilikuwa ikitafuta wafanyakazi. Kama shida ndiyo iliyoongoza, vita vingekuja 1932. Vilikuja baada ya shida kuondoka, na uhaba ambao majemadari walisema wanaukimbia, wengi wake waliutengeneza wao.

Mwisho wa biashara ile ya nguo unajulikana. Julai 1941 jeshi la Japani liliingia kusini ya Indochina. Marekani ikazuia mali yote ya Japani, Uingereza na himaya zake zikafuata, na merikani ya Osaka ikakatika Wete na Chake Chake kama ilivyokatika Mombasa. Soko ambalo mfumaji alilipata kwa yeni rahisi na meli ya biashara, jemadari alilipoteza kwa amri ya wiki moja. Mkulima wa Pemba alibaki na karafuu zake na nguo kuukuu.